Risiva ya Mwalimu Kaingu

Kwa miezi saba Jedida alikuwa akimdanganya mumewe kila Jumapili. Alikuwa fundi cherehani, na asubuhi kabla ya ibada huchota pamba kidogo kwenye mfuko wa pamba za kujazia mito, akaiviringa vipande viwili, akavitia masikioni chini ya kitambaa cha kichwa. Kisha hao wanakwenda kanisani, yeye anakaa benchi la pili, na mumewe Joram anashika mitambo ya sauti. Ibada ikiisha, Joram anamwuliza, "Leo ilikuwaje, Mama Cindy?" Naye anajibu, "Safi kabisa."

Haikuwa safi hata kidogo. Kwaya ikiinua wimbo tu, vispika vya juu vinapiga mluzi wa kutoboa kichwa, watoto wachanga wanalia, na kina mama wa benchi la mbele wanahamia nyuma mmoja mmoja wakisingizia jua la dirishani. Charity, kiongozi wa kwaya, alikuwa akingoja Joram atoke kidogo ndipo akimbie kuteremsha vitufe. Joram akirudi anavipandisha tena, huku akinung'unika kwamba kuna mtu asiyejua kazi anayemchezea vyombo.

Watu walimnyamazia kwa heshima. Huyu Joram Odera alikuwa amerusha muziki miaka ishirini na miwili katika disko la hoteli moja ya ufuoni hapo Malindi, na mwezi wa Aprili hoteli ile ilifungwa, wafanyakazi wakapewa bahasha nyembamba na maneno matamu. Nani angethubutu kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba masikio yake yamechakaa? Mmoja alikuwapo aliyepaswa kuthubutu, na huyo ndiye aliyejaza pamba masikioni.

Sasa ulikuwa mwezi wa Novemba, na Joram alikwisha kukata shauri. Ikiwa Desemba itakwisha bila kazi ya kueleweka, watafunga virago warudi kwao Ugenya, kule bara. Alisema hivyo mbele ya binti yao Cindy, aliyekuwa kidato cha tatu, na Cindy akaacha chakula chake sahanini. Jedida naye hakulala vizuri tangu siku hiyo. Wateja wake wa sare za shule na magauni ya harusi walikuwa Malindi. Ugenya alikuwa na mashemeji, na mashemeji hawashonewi kwa pesa.

*

Simu ya Mwalimu Kaingu ilikuja Jumanne jioni, Joram akiwa amekaa mlangoni na fulana yake ya ndani. Kaingu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwenye nyumba sita za wageni kule Bofa, Kilifi. Joram aliweka simu kwenye spika, kama alivyozoea siku hizi, na majirani wote wakasikia.

"Fundi, mwanangu alikuwa akifanya kazi melini, akaniletea spika tano nzuri. Zimekaa sebuleni kama masanamu. Wageni wanataka kutazama filamu, wasikie kama wako sinema. Nimeambiwa kinachokosekana ni risiva."

"Ndiyo, mwalimu. Risiva ndiyo inayopokea sauti kutoka kwa televisheni na kuigawia kila spika fungu lake. Bila hiyo, spika ni mbao tu."

"Basi nina elfu arobaini. Sitaki ya matajiri, wala sitaki takataka. Ukiniletea ya kufaa, nyumba zote sita ni zako, kufunga na kutunza, na kila mwezi nakulipa. Ukiniletea takataka, nitamshukuru Mungu nilianza na nyumba moja."

Joram alipokata simu alisimama, akaingia ndani, akatoka amevaa shati. Hakuwa na mahali pa kwenda saa hiyo. Alivaa tu.

"Umesikia, Mama Cindy? Nyumba sita! Kila mwezi!"

"Nimesikia, Baba Cindy. Mtaa mzima umesikia."

"Hii ni kazi yangu hii. Hii wala si ya kuuliza mtu." Akamwomba Mwalimu Kaingu ampige picha migongo ya zile spika, na picha zilipofika akazisoma kwa miwani, akatabasamu. "Unaona hapa? Ohm nne. Spika za ohm nne zinavuta umeme mwingi kutoka kwa risiva. Ukizifungia mashine nyepesi, nusu saa tu imechemka na kujizima. Fundi wa njiani hawezi kulijua hilo. Atauza mataa na kelele."

Jedida alimtazama akiongea kwa mikono miwili, akafurahi kwa dhati, na papo hapo akakumbuka Jumapili. Mumewe alijua kila kitu kuhusu sauti isipokuwa namna ya kuisikia. Usiku ule alimwambia kwamba Jumatano atamsindikiza dukani, kwani ana zipu na uzi wa kununua.

*

Duka lenyewe liko karibu na soko la Malindi, limejaa mafeni, friji, na televisheni zinazowaka zote kwa pamoja bila mtazamaji. Muuzaji alikuwa binti mmoja mchangamfu aitwaye Mapenzi, mwenye kalamu nyuma ya sikio. Alimsalimu Joram shikamoo, akasikia neno risiva, akaenda moja kwa moja kwenye boksi lililong'aa.

"Hii hapa, mzee. Mpya. Wati elfu moja na mia mbili! Ina mataa ya rangi saba, ina Bluetooth, ina karaoke. Elfu thelathini na sita, na nakutilia waya bure."

"Igeuze nione mgongo."

"Mgongo?"

"Mbele ni ya kumpendeza mnunuzi, binti yangu. Igeuze."

Mapenzi akaigeuza. Joram akainama, akaweka kidole kwenye kibati cha nyuma. "Soma hapa. Inakula wati ngapi za umeme?"

"Mia moja na sabini."

"Sasa niambie, inakula mia na sabini, hizo elfu moja na mia mbili inazitoa wapi? Inakopa kwa jirani?"

Mteja mmoja aliyekuwa akipima pasi alicheka. Mapenzi naye akacheka, akainua mikono kukubali. "Mzee umenipata!"

"Na hapa wameandika spika zisipungue ohm nane. Mimi zangu ni nne. Una nyingine?"

Alikuwa nayo, chini ya meza, imefunikwa turubai. Ilikuwa nyeusi, pana, nzito, iliyokwisha kutumika Uingereza na kuja kwa kontena, bila taa hata moja ya urembo. Joram aliiinua kidogo akaguna kwa kuridhika, maana uzito ulimwambia kwamba transfoma iliyo ndani si ya mchezo. Akakagua skrubu moja moja na matundu ya kufungia waya, akitafuta kutu, kwa sababu hapa pwani chumvi ikishaingia kwenye mashine, hata uipanguse vipi haina muda mrefu. Haikuwa na kutu. Nyuma iliandikwa kwamba inabeba ohm nne. Ilikuwa na tundu la HDMI la kupokea sauti kutoka kwa televisheni, na ndani ya mfuko wa plastiki kilikuwamo kimikrofoni chake kidogo cha kupimia chumba.

"Hata kimikrofoni hakijapotea," Joram alinong'ona, kwa namna yake ya kunong'ona ya siku hizi, ikasikika hadi kwenye mafeni. "Mama Cindy, hii ndiyo yenyewe. Kiasi gani?"

"Arobaini na mbili."

"Tutazungumza. Kwanza iwashe tuisikie. Miaka yote nimewafundisha vijana kwamba vibati vinadanganya, sikio ndilo bosi."

Jedida aliposikia hivyo alishika kanga yake kwa nguvu. Mapenzi akaunganisha mashine ile nzito na spika za duka, akapiga wimbo. Ilikuwa sauti nzuri jamani. Mwimbaji alisimama katikati kana kwamba yuko pale pale kati ya friji mbili, na kayamba ikachezacheza juu, laini, kila punje peke yake. Mteja wa pasi aliacha pasi yake akasikiliza.

Joram alikunja uso. Akasogea. Akainamisha sikio hadi likakaribia kitambaa cha spika.

"Hii imekufa," akasema. "Upande wa juu imekufa. Spika ndogo hazilii."

"Zinalia, mzee," alisema Mapenzi.

"Hazilii! Miaka ishirini na miwili nimefanya kazi hii. Sauti imefunikwa blanketi. Hebu washa ile ya mataa."

Ile ya mataa ikawashwa. Mluzi ukajaa dukani. Mteja wa pasi alitoka nje na pasi mkononi, ikabidi aitwe arudi. Mapenzi alifumba jicho moja. Na Joram, maskini, uso wake ukafunguka wote, akaanza kutikisa kichwa kufuata kayamba. "Eee! Hii sasa ndiyo sauti! Unasikia inavyoongea? Kibati chake ni cha uongo, ndiyo, lakini sikio limekubali. Ifunge, binti."

Mapenzi hakuifunga mara moja. Alimtazama Jedida, macho kwa macho, kama mtu anayeuliza swali ambalo hana ruhusa ya kuliuliza. Jedida akaona aibu mbili kwa pamoja, ya mumewe na ya kwake. Angenyamaza kama alivyonyamaza miezi saba. Mashine ingefungwa, ingekwenda Bofa, ingechemka na kuzimika mbele ya wageni, na kabla ya kuzimika ingewatoboa masikio. Kisha Desemba ingefika.

"Ngojea kwanza, binti," alisema. "Tunakwenda kunywa chai. Tunarudi."

*

Mkahawa wa jirani ulikuwa na mahamri ya moto na meza nne. Jedida alichagua ya pembeni.

"Baba Cindy, ile nzito haijafa."

"Nimeisikia mwenyewe."

"Hukuisikia. Hapo ndipo penye shida. Kayamba ilikuwa inalia vizuri kabisa. Mimi nimeisikia, yule binti ameisikia, hata mwenye pasi ameisikia. Wewe peke yako hukuisikia."

Joram alicheka. "Yawa, Jedida! Unanifundisha sauti? Mimi nimekufundisha kushona?"

Jedida alifungua mkoba, akatoa vile vipande viwili vya pamba vya Jumapili iliyopita, vimekwisha kuchukua umbo la sikio lake, akaviweka mezani kati ya vikombe.

"Hii ni nini?"

"Ni ya kanisani. Ndiyo ninayovaa ukiwa kwenye mitambo."

Joram alivitazama. Akakigusa kimoja kwa kidole. Kisha akauliza kwa sauti ya juu, "Unaniita mimi kiziwi?" na meza tatu zikageuka. Mwenye mkahawa akabaki na koleo la mahamri hewani. Ndipo Joram alipotambua kwamba amepiga kelele, na kwamba pengine ndivyo anavyoongea siku zote. Akateremsha sauti.

"Nani mwingine anajua?"

"Charity."

"Nani mwingine?"

"Kina mama wa benchi la mbele."

"Mchungaji je?"

Jedida alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Jedida. Mchungaji?"

"Mchungaji alinunua pamba yake mwenyewe."

Kama jambo lisingekuwa chungu hivyo, wangecheka hadi wakatoka machozi, na huenda siku moja watacheka. Siku ile Joram aliinamisha kichwa, masikio yakamwaka moto, yale yale masikio.

"Miezi saba," alisema. "Kanisa zima. Nami nasimama pale nimechomekea shati, napandisha vitufe kama bwana mkubwa. Mbona hukuniambia?"

"Ulipoteza kazi Aprili. Nilikuona ukikaa mlangoni tangu asubuhi hadi giza na ile fulana ya ndani. Jumapili peke yake ndiyo ulikuwa ukipiga shati pasi. Nikasema siwezi kukunyang'anya na hiyo."

"Umenifanya kichekesho."

"Ndiyo. Nilidhani nakupenda kumbe nakuacha ucheke-cheke na watu huku wanakusengenya. Nimekosa, Joram. Nisamehe. Lakini leo sitanyamaza, maana ukinunua ile ya mataa tumekwisha, na mimi Ugenya siendi kwa sababu ya kayamba."

Joram aliinuka, akatoka, chai yake imebaki nusu. Jedida alilipa, na mwenye mkahawa akampa hamri moja la bure bila neno, jambo lililomwumiza kuliko macho ya watu wote.

Alidhani atamkuta amekwenda nyumbani. Alimkuta upande wa pili wa barabara, amesimama chini ya mabati ya duka lililofungwa, ameinua mkono kando ya kichwa. Alikuwa akisugua kidole gumba na cha shahada karibu na sikio, kama mtu anayepekecha chumvi. Akabadilisha mkono, akajaribu sikio la pili. Akasugua kwa nguvu. Akarudi la kwanza. Jedida alisimama mbele yake akangoja, na ule msuguo mkavu wa vidole yeye aliusikia vizuri, pamoja na pikipiki zote za barabarani.

"Sisikii kitu," alisema Joram.

"Najua."

"Ile spika ya kushoto ya disko ilikuwa mita moja kutoka kichwani pangu. Miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nikijua mtu anaweza kupoteza masikio, niliwaonya vijana. Sikudhani ni mimi." Alijipangusa uso kwa kiganja. Kisha akakaza mkanda wa suruali, akavuka barabara mbele ya mkewe. "Njoo. Tunajaribu tena. Safari hii msikilizaji ni wewe."

*

Mapenzi alipowaona alinyoosha mkono kwenye boksi la mataa. Joram akamzuia.

"Weka ile nzito. Na nikwambie kitu, binti, usije ukanishangaa. Masikio yangu sauti za juu hayazipati tena. Huyu mke wangu ndiye atakayesikia. Mimi nitauliza."

"Haya, baba," Mapenzi alijibu, akaacha kumwita mzee tangu hapo. "Baba yangu mwenyewe ni wa timbo la mawe, mashine za kukata mawe zimemmaliza masikio. Yeye lakini hasemi. Anatutukana tu kwamba tunanong'ona."

Joram akamweka Jedida kwenye kiti cha plastiki, spika mbili zikimwelekea. "Usiniambie nzuri au mbaya. Niambie inafanya nini."

Wimbo ukapigwa. Jedida alifumba macho. Mwanzo aliona haya, kisha akasahau. "Mwimbaji yuko katikati. Anavuta pumzi kabla ya kila mstari. Kayamba iko mkono wa kulia, juu kidogo, inateleza."

"Inateleza vipi?"

"Kama mkasi mpya kwenye hariri. Haikwami."

"Washa ya mataa."

Ya mataa ikawashwa na Jedida akarudisha kichwa nyuma. "Hii ni mkasi butu kwenye jinzi. Inatafuna. Mwimbaji simwoni, wamemtupa huko nyuma ya friji."

Joram alimtazama mkewe kwa namna ambayo hakuwa amemtazama kwa muda mrefu. Vijana aliowafundisha hotelini walichukua mwaka kujua tofauti hiyo, na wengine hawakuijua kamwe. Alimjaribu mara tatu zaidi, kwa wimbo wa taratibu, kwa mahubiri, kwa matangazo ya mpira, na kila mara alipata jibu lile lile kwa maneno ya cherehani.

"Basi," alisema. "Kibati na sikio vimekubaliana. Binti, tuzungumze bei. Arobaini na mbili haipo, bajeti ya mwenyewe ni arobaini na waya ndani yake. Hii imetumika, haina boksi, haina taa, na umeificha chini ya turubai miezi mingapi?"

"Mitano," Mapenzi alikiri, akatoa kalamu nyuma ya sikio. Waliivuta kwa robo saa, na ikatua thelathini na saba na nusu, pamoja na dhamana ya miezi mitatu iliyoandikwa kwa mkono na kupigwa muhuri.

*

Alhamisi walikuwa Bofa tangu saa tatu asubuhi. Nyumba ya kwanza ya Mwalimu Kaingu ilikuwa na sebule ndefu, sakafu ya vigae, na dirisha kubwa la nyuma lenye mti wa mkilifi, ule mwarobaini, nje yake. Joram alifunga nyaya zote kwa mkono wake, bila kuulizana na mtu, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, akazipitisha nyuma ya skirting, ile mbao ya chini ya ukuta, kana kwamba zilizaliwa na ukuta. Akaacha nafasi ya kiganja kizima juu ya risiva ipate kupumua. Akaweka kile kimikrofoni juu ya kiti, usawa wa kichwa cha mgeni aliyeketi, na mashine ikaanza kuzipigia spika miluzi moja moja, ikijipimia chumba.

Ilipomaliza, Joram alipiga filamu na kusikiliza. Blanketi lile lile. Mkono wake ukainuka wenyewe kuelekea kitufe cha sauti za juu. Ulifika. Akaurudisha mfukoni.

"Mama Cindy, kaa kitini."

Walikuwa hivyo, mke kitini, mume amepiga magoti mbele ya mashine, wakati Mwalimu Kaingu alipoingia na daftari lake kwapani. Alikuwa mtu mrefu, amenyooka, mwenye kutazama sebule kama darasa lililofanya fujo.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Jedida akitaka kuinuka.

"Marahaba. Kaa tu." Akamgeukia Joram. "Fundi, naona mama ndiye anayesikiliza na wewe ndiye unayengojea majibu. Kulikoni?"

Jedida alikuwa na uongo tayari mdomoni, maana mazoea ni kitu kibaya. "Ah, mwalimu, mimi nilikuwa napumzika tu mi—"

"Mwalimu," Joram akamkata. "Sauti za juu mimi sizisikii."

Feni la dari lilizunguka.

"Rudia."

"Disko limezimaliza. Za chini nasikia, za katikati nasikia, zile nyembamba za juu sizipati. Nimelijua jana. Mke wangu anazisikia kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi, kwa hivyo yeye anasikia na mimi narekebisha."

"Yaani nimemwita fundi wa sauti," alisema Mwalimu Kaingu polepole, "asiyesikia sauti."

Joram alijua kwamba nyumba sita ziko mlangoni zinatoka. Hata hivyo hakuinamisha kichwa. Jana alikwisha kuinamisha, ilitosha.

"Umemwita mtu aliyesoma migongo ya spika zako kabla ya kugusa pesa zako. Kuna mashine yenye mataa saba pale dukani ya elfu thelathini na sita. Ingekupendeza macho, na ingezimika kabla filamu haijafika nusu, maana spika zako zinavuta sana. Hii ni ya thelathini na saba na nusu, na chenji yako hii hapa na risiti. Ningeweza kukuficha habari ya masikio, nawe leo usingejua. Wageni ndio wangekuambia. Sasa mwalimu, wewe una masikio mazima. Keti upime."

Mwalimu Kaingu alizihesabu noti, akasoma risiti mbele na nyuma. Jedida akampisha kiti. Akaketi, mgongo wima, daftari juu ya magoti, kalamu mkononi, sura ya mtu aliyekusudia kufelisha.

Joram aliweka filamu ya msitu, ya wanyama na mvua. Mvua ilianza mbele, ikaja ikapita juu ya vichwa, ikarudi nyuma. Mtu alizungumza katikati, kila neno likafika. Mwalimu hakuandika kitu, wala hakutikisa kichwa. Joram alimkodolea macho Jedida aliyesimama ukutani. Jedida akainua kidole kuelekea nyuma, mkono wa kulia, na midomo yake ikaunda neno: ndege.

Joram hakusikia ndege. Aligusa spika ya nyuma ya kulia kwenye skrini, akaipandisha alama moja, akamtazama mkewe. Bado. Akapandisha nyingine. Jedida akafumba ngumi, basi, hapo hapo. Akaondoa mkono, akabaki amepiga magoti katika ukimya wake, na hakuna alichoweza kufanya tena.

Mwalimu Kaingu aligeuza shingo. Aligeuka mzima, akatazama juu ya bega la kulia, nje ya dirisha la nyuma, kwenye matawi ya mkilifi, akimtafuta ndege. Alimtafuta kwa muda. Kisha akatazama spika iliyokuwa chini ya dirisha, akatazama mti tena, kalamu ikamwanguka.

Joram aliyaona hayo yote. Aliiona sauti ilipokaa kwa kuitazama shingo ya mteja, akajifanya anakaza waya.

"Ala!" alisema Mwalimu Kaingu, akainama kuokota kalamu, akakohoa kidogo. "Nyumba ya pili ufunguo uko kwa Nyale, mlinzi. Anzeni kesho. Lakini malipo ni ya fundi mmoja, sikuwa nimepanga wawili."

"Mwalimu," alisema Jedida kutoka ukutani, "mimi nimeacha sare kumi na nne kwenye cherehani. Nauli yangu na chakula changu cha mchana viko juu yako, kila nyumba."

Mwalimu alimtazama, akamtazama na mumewe, akaandika kwenye daftari. "Nauli na mchana," alisoma, na akatoka kumtafuta Nyale.

Walipobaki wawili Joram hakuinuka mara moja.

"Alikuwa ndege gani?"

"Simjui jina. Mdogo. Ana haraka, anaruka mishono."

"Bado analia?"

"Bado."

Joram alisikiliza kwa uso wote, kama anayesikia. Kisha akatoa kalamu, akaandika kwenye karatasi ya vipimo vya zile spika, nyuma kulia, tayari, na akamwonyesha mkewe kiti.

"Rudi ukae. Kushoto hatujafanya."